Ufito wa Arobaini na Tano

— Sasa hapa katikati anapita nani?

Mama mdogo aliuliza hivyo msimu uliopita, siku ya kupanda, akiwa amesimama na jembe begani kati ya mstari wa kwanza wa soya na mstari wa pili. Hakuna aliyemjibu. Shambani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na mimi si mtu wa kukosa jibu. Chuoni ni mtu wa midahalo. Nipe upande wowote wa hoja yoyote nitautetea kabla chai haijapoa. Ila siku ile nilikuwa nimeshika ufito mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, na swali la mtu mwenye jembe nikalichukua kama kelele za wale wanaokaa nyuma ukumbini. Nikamwashiria kwa kidevu: endelea.

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Fundi, mshonaji wa mtaa mzima, na mguu mmoja wa benchi umefungwa kwa mpira wa baiskeli usije ukang'oka. Mpira ulitoka kwa Breki, mtengeneza baiskeli wa ng'ambo ya njia, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake ndicho chombo pekee alichoshindwa kukifungia breki. Birika na jiko la mkaa ni vyake. Anayekaa karibu na birika ni Mzee Asilimia, karani mstaafu wa mizani ya malori, ambaye hata akiumwa na jino atakwambia linauma kwa asilimia ngapi. Wa nne ni mimi. Wananiita Hoja, na kwa muda mrefu nilidhani wananisifu. Jana saa kumi alasiri nilifika nikiwa na fito zangu mbili, ufito mrefu wa kupimia mstari hadi mstari na mfupi wa kupimia mche hadi mche, zile zile za msimu uliopita. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na mama mdogo alikuwa anapanda kesho yake. Tulikubaliana azipitie fito hapo kijiweni akitoka kuchukua mbegu.

Na safari hii hapakuwa na nafasi ya kukosea. Shamba ni nusu eka, la marehemu mumewe. Shemeji yake, kaka wa marehemu, ametangaza mpaka kwa wasiomuuliza kwamba mwanamke yule ni mvivu, magugu yamemshinda. Msimu huu yakimshinda tena, shamba atalichukua apande miti ya nguzo.

— Tuanze na chanzo, nikasema nikipokea kikombe. Mwaka jana nusu eka ilitoa madebe mawili kasoro. Kwa nini?

— Mistari, akasema Mzee Asilimia. Nani aliwaambia soya inapangwa kama gwaride? Mbegu inamwagwa. Unashika kiganja, unatupa, unarudi kunywa kahawa. Asilimia tisini na tano ya majani yote duniani yalipandwa hivyo na upepo, na sijasikia nyasi zimekosa mavuno.

— Mzee, nyasi hazipaliliwi. Ukimwaga mbegu ovyo, siku ya kupalilia utaweka wapi mguu?

— Watu wengi huweka chini.

Fundi alikuwa ndani ya duka, mlango wazi, mguu kwenye pedali na pini tatu mdomoni. Anaweza kuongea na pini mdomoni vizuri kuliko sisi tunavyoweza bila pini.

— Mimi naiona kama nguo, akasema. Soya ni mtoto anayekua. Sare ya mtoto hushoni ikambana, unaacha upindo. Akinenepa, unafumua.

— Fundi, shamba halifumuliwi.

— Ndiyo maana uache upindo mkubwa zaidi.

— Wote mnakosea umbo, akasema Breki. Shamba lenye kona nne linapoteza mvua kwenye kona. Panda duara. Katikati weka kitovu, mistari iwe spoku. Kitovuni miche inabanana, ukingoni inaachana, na mmea wenyewe utachagua pa kukaa.

— Unachaguaje na umeshaota?

— Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana soya inatiwa mbili mbili shimoni. Moja ikichoka, mwenzake anaendelea.

— Inachoka na nini?

— Na kuota. Wewe hujawahi kuota ukachoka?

Ningekuwa na busara ningekunywa kahawa yangu nikanyamaza. Badala yake nikaitoa karatasi. Niliichapa maktaba ya chuo, nikaikunja mara nne, na tangu siku hiyo natembea nayo kama mtu anayetembea na hati ya kiwanja.

— Sikilizeni, si maneno yangu haya, ni ya watu waliopanda wakapima. Mstari hadi mstari, arobaini na tano. Mche hadi mche, tano. Miche ikibanana mno inagombea mwanga, inarefuka, upepo ukipita inalala. Ikiachana mno majani hayakutani, jua linapiga udongo mtupu, magugu yanapata kiwanja. Nafasi ikiwa sawa, soya inafunika ardhi yenyewe kabla magugu hayajaamka.

— Na mwaka jana majani yalikutana? akauliza Fundi.

— Hayakukutana.

— Magugu yaliamka?

— Yaliamka, lakini hilo lina sababu zake.

Nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo zote, zimepangwa. Mbegu ilikuwa mbovu. Bwana shamba hakufika. Mvua ilikatika wiki ya sita. Sababu hizo hizo nilizipeleka chuoni kwenye mdahalo mkubwa wa mwaka, mada ikiwa kwamba mkulima mdogo ametelekezwa, na nikalitumia shamba la mama mdogo kama mfano hai. Nilieleza mgongo wake ulivyomuuma kwa kupalilia. Nilieleza madebe mawili kasoro, nikanyamaza kidogo baada ya neno kasoro. Ukumbi ulisimama. Nilipewa kikombe, kipo juu ya kabati, natilia kalamu.

— Mshazari, akasema Fundi, akageuza kitambaa chini ya sindano. Mnapanda kufuata nyuzi, ndiyo maana shamba linavutika. Kata mshazari, kutoka kona hadi kona. Sketi ikikatwa mshazari inaning'inia vizuri, seuze shamba.

— Kinyumenyume, akasema Breki. Panda ukirudi nyuma. Mbegu isione unakokwenda, ikiona itakufuata, na kesho utaikuta nje ya mstari. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo methali inahusu nini hapo?

— Inahusu mtoto.

— Mimi nina utafiti, akasema Mzee Asilimia, na alipoweka kikombe chini tulijua ni jambo kubwa. Nimefanya hesabu ya mashamba yote ya upande ule. Mashamba ambayo Hoja hajayakanyaga, asilimia mia moja yalivuna vizuri. Shamba ambalo Hoja amelikanyaga ni moja. Sisemi kitu. Nasema tu tugawe nusu eka vipande viwili, kimoja apite Hoja, kingine asipite, halafu tupime.

Breki alicheka mpaka birika likamtoka mkononi kidogo. Na mimi nilicheka, kwa sababu mtu wa jukwaani hufundishwa kucheka wa pili akichekwa. Kisha mzee akaharibu.

— Utani pembeni, mwanangu, shemeji mtu naye ana hoja yake. Shamba la mwanamke peke yake, asilimia sitini ni magugu. Mama yako mdogo ana maneno mazuri, lakini jembe ni jembe.

Wakati huo mwisho wa benchi alikuwa ameketi mgeni, mwashi anayejenga ukuta wa nyumba ya chini ya mtaa, saruji imemkaukia mpaka viwikoni. Alikuja kuchukua suruali yake iliyotiwa viraka magotini, haijawa tayari, na Breki akampa kahawa ili asikasirike. Sikumjali. Nikasimama. Nikikasirika husimama, na mkono wa kulia hupanda wenyewe.

— Mzee wangu, nakuheshimu sana, nikasema, na anayeanza hivyo ujue heshima imemwishia. Mwanamke yule alipalilia mara nne. Jirani zake walipalilia mara mbili. Alijifunga khanga kiunoni ili mgongo umshike, akaingia shambani, magugu yakarudi, naye akarudi. Anayemwita mvivu hajawahi kuinama hata kuokota sarafu yake mwenyewe. Tatizo si mikono yake. Tatizo ni mbegu isiyokaguliwa, ni bwana shamba anayekagua mashamba yaliyo kando ya lami tu, ni wanaume wanaokaa benchini kugawa asilimia za migongo ya wenzao. Jina lake ni ukandamizaji, na...

— Samahani, dada, akasema mwashi. Hii fimbo ni ya mlinzi?

Alikuwa ameushika ufito wangu mrefu.

— Si fimbo, nikasema. Ni kipimo. Mstari hadi mstari.

— Wa nini?

— Wa soya.

Akausimamisha mbele yake. Ukamfika juu ya mkanda wa suruali.

— Ngapi?

— Arobaini na tano.

Akautazama ufito, akanitazama mimi, akautazama tena.

— Arobaini na tano gani?

Nilikuwa bado nimeinua mkono. Nakumbuka niliusikia mguu wa Fundi ukiacha pedali. Breki alikuwa anamimina. Akamimina mpaka kikombe kikafurika, hakuona. Tulikuwa watu wanne tuliobishana alasiri nzima juu ya duara, mshazari, upepo na haki za binadamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la kuweka baada ya arobaini na tano.

— Za tepu, akasema Fundi mwishowe. Hoja alikuja dukani mwaka jana akaniambia nipimie arobaini na tano na tano. Nikapima, nikakata.

— Tepu iko wapi?

Fundi akaivua shingoni. Mwashi akailaza juu ya benchi, akauweka ufito kando yake, kisha akaigeuza tepu upande wa pili.

— Huku ulipopimia ni inchi. Na huku je?

— Huko? akasema Fundi. Huko ni mgongo wa tepu.

— Ni sentimita.

— Mimi nashona kwa inchi, ndugu yangu. Aliyenifundisha alishona kwa inchi. Huko sijawahi kuwa na kazi nako miaka ishirini na miwili.

Mwashi akasoma mgongo wa tepu kwa kucha ya kidole gumba: mia moja na kumi na nne. Akachukua ufito mfupi: karibu kumi na tatu. Nikaikunjua karatasi yangu. Pale palipoandikwa arobaini na tano, mbele yake kabisa, zilikaa herufi mbili, sm, zimetangulia namba kama mtu anayepiga hodi kabla ya kuingia. Nimeisoma karatasi ile mara mia. Nimeinukuu mbele ya majaji watano. Herufi zile niliziruka kama mtu anavyoruka salamu akiwa na haraka ya kusema shida yake.

Mzee Asilimia alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

— Mara mbili na nusu huku, mara mbili na nusu kule. Mahali pa kukaa miche sita mliweka mmoja. Asilimia kumi na sita ya shamba. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: Na hii sikuibuni.

Hapo mambo mengine yakaanza kuja yenyewe, moja moja, bila kuitwa. Mwaka jana mbegu zilibaki karibu ndoo nzima. Mama mdogo alishangaa, mimi nikamwambia hiyo ndiyo faida ya sayansi, inaokoa mbegu. Zile zilizobaki alizikaanga, akazisaga, akanifungia unga wa uji wa kwenda nao chuoni. Nilikunywa uji ule muhula mzima. Yaani ushahidi nilikuwa nao, nikaula kila asubuhi kisha nikaenda kuilaumu serikali.

— Mwaka huu amenunua kilo ngapi? mwashi akauliza.

— Mbili na nusu, nikasema. Kwa hesabu yangu.

— Zitatosha kona moja.

Kijiwe kina kasoro zake, lakini mwenzao akizama hawamwachi. Wote hurukia majini, hata wasiojua kuogelea.

— Mwambie mbegu zilikuwa mbovu, akasema Breki. Umeshasema chuoni, malizia. Kuku wa maskini hatagi.

— Usimwambie kitu, akasema Mzee Asilimia. Mpe kipimo kipya kesho, apande, avune, afurahi. Asilimia tisini ya makosa hufa yenyewe yasipotajwa.

— Nisingizie mimi, akasema Fundi. Useme tepu yangu ilivutika.

Sitadanganya: nilizipima zote tatu. Ya mzee niliipenda zaidi. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuipangia utangulizi, kwamba katika mazingira fulani ukimya ni huduma kwa mkulima. Nina kipaji cha kufanya woga wangu usikike kama msimamo.

Mama mdogo akatokea kwenye kona na mfuko wa mbegu kichwani, mkono mmoja umeushika, mwingine umeshika kiuno, upande ule ule uliomuuma mwaka jana.

— Hamjambo hapo.

— Hatujambo, mama, karibu, wakasema, wote watatu kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea kijiweni.

— Shikamoo mama mdogo.

— Marahaba mwanangu. Mzee, shikamoo. Mbona mmenyamaza hivi, nani amefiwa?

Akatua mfuko. Akanyoosha mkono kupokea fito. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu na hitimisho. Nikafungua mdomo.

— Mama mdogo, karatasi ilisema sentimita, mimi nikapima kwa inchi. Magugu hayakukushinda. Nilikosea mimi.

Akakaa kwenye benchi. Mzee Asilimia akasogea bila kuombwa. Akauliza sentimita arobaini na tano ni ipi. Mwashi akamwonyesha kwenye tepu, kutoka mwanzo mpaka kucha yake ilipo. Mama mdogo akaulaza mkono wake kando ya tepu, kiwiko kwenye sifuri. Ncha ya kidole cha kati ikaishia pale pale.

— Ni hivi tu? akasema. Mama yetu alipanda maharage hivi.

— Ndiyo.

— Nilipalilia mara nne.

— Najua.

— Mgongo nikaupeleka zahanati.

— Najua, mama mdogo.

— Nilikwenda kwa shemeji nikamwomba msamaha. Mbele ya wanangu. Nikamwambia mwaka ujao nitajitahidi, sitakuwa mvivu tena.

Hilo sikulijua. Kwenye mdahalo wangu halikuwemo. Breki alikuwa anakitazama kikombe kilichofurika kana kwamba kina maandishi. Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa shati lake.

— Mzee, akasema mama mdogo, hizi kilo mbili na nusu zitaenea kiasi gani, kwa kipimo cha kweli?

— Sehemu moja ya sita, mama. Labda na kidogo.

— Basi nitapanda sehemu moja ya sita, ilivyo sawasawa. Kwingine kote nitaweka marando ya viazi vitamu, nayapata bure kwa jirani. Akamgeukia mwashi. Baba, una msumeno?

Alikuwa nao. Akaukata ufito kwa kufuata mkono wa mama mdogo, na mfupi akaukata kwa kufuata mgongo wa tepu. Vipande vilivyobaki Breki alivitia jikoni chini ya birika. Hakuna aliyetoa methali.

Mama mdogo akasimama, akaweka mfuko kichwani, fito mpya kwapani. Nikamwambia nimsaidie kubeba, akasema mzigo ni wake. Alitembea hatua tatu hivi, akasimama, akageuka mwili mzima kwa sababu ya mfuko.

— Kesho saa moja asubuhi shemeji atakuja kuona tunavyopanda, akasema. Naomba uwepo. Umwambie kama ulivyoniambia mimi, maneno yale yale, usiongeze.